Unapiga Nini, Hidaya?

Mama Hidaya, hivi huyo mwanao anapiga picha za nini? Jirani yangu Mama Ashiru aliniuliza hivyo siku moja tukichambua dagaa barazani kwake, na wala hakuuliza kwa ubaya. Alisema wa kwake anashona, gauni analiona, wa kwangu anasomea picha, haya, harusi hapigi, paspoti hapigi, kazi kuzunguka Ujiji nzima na kamera shingoni kama mbuzi aliyekata kamba, sasa picha za nini? Nilicheka, nikamwambia bado anajifunza, lakini swali lilinikaa. Na leo nimeswali adhuhuri, nimebaki nimekaa juu ya mswala na tasbihi mkononi, joto limebana, na chumba cha pili namsikia Hidaya anapangua begi lake na kuguna, maana alasiri hii mwalimu wao anataka kila mwanafunzi alete picha moja iliyo yake kweli, isiyonukia mkono wa mwenzake, na asiyekuwa nayo chuo kimemwishia. Anazo picha nyingi, hana hata moja. Nasema subhanallah, nasema tena, punje zinateleza, na mswala chini yangu unaanza kurefuka. Unarefuka hadi mlangoni, unapita mlango, unapita uwanja, na badala ya kuishia kwa Mama Ashiru unaendelea tu, ile nakshi yake ya msikiti inajirudia na kujirudia kama vibao vya njiani. Nasimama. Nanyanyua mguu wa kulia, nasema bismillahi, na ninaukanyaga kama mtu anavyokanyaga barabara.

Njia haina mwisho na haina vumbi. Pembeni vijana wanatembea na kamera, wengine wamejifunga mbili, wanapiga kila wanachokiona, wanapiga mawe, wanapiga miguu yao wenyewe, wanapigana picha wao kwa wao, na hakuna anayecheka. Nawatazama mmoja mmoja, simwoni wangu. Anatokea mtu mbele yangu, kanzu safi, kofia imekaa vizuri, na kati ya kofia na kanzu hakuna kitu ila ngozi laini kama sabuni iliyokwisha tumika. Nataka kurudi nyuma lakini salamu ni salamu, namwambia assalaam alaykum, na sauti inatoka kifuani kwake, inaniitikia kikamilifu, wa alaykum salaam, mjane wa Kashindi. Namuuliza njia hii inakwenda wapi. Anasema anayeijua anaiendea, asiyeijua inamwendea. Namuuliza mwanangu yuko wapi. Anasema amebeba jicho la tatu na yale mawili ameyasahau. Namwambia baba, mimi nimeishia darasa la saba, nisemeshe kama mtu. Anatembea, nami namfuata, na kidogo kidogo, katikati ya mafumbo yake, nayashika mambo yenyewe. Kuna lango mbele. Kila kijana akifika anaulizwa neno moja, unapiga nini, na kiongozi wangu huyu ndiye anayeuliza. Mwenye jibu lake anapita anarudi kwao. Anayejibu kwa jibu la kuazima, lango linachukua kitu usoni mwake, na ukishachukuliwa mdomo basi, huna tena cha kujibu, unabaki huku kuwaongoza wengine, na maneno yako mwenyewe yanakwisha, unabakiwa na mafumbo. Na lango linafungwa alasiri. Namuuliza, na wewe ulijibu nini? Anasema, nilisema machweo. Mwalimu alikuwa anapenda machweo.

Tunaingia mjini. Kuta zote ni vioo, na chini ya mji kuna mji mwingine umeshika miguu ya huu, milango yake inaning'inia kuelekea chini, na mimi niko pale pia, kichwa chini, ushungi haudondoki. Kila ninapogeuka najiona nakuja. Sipendi. Tangu mume wangu azikwe sijapigwa picha, na hata kioo nakitumia kwa haja tu, maana nimeona kwenye misiba, mtu bado hajafikishwa kaburini na picha yake inazurura kwenye simu za watu, huyu anaikuza, yule anasema kumbe alikuwa amekonda. Nimemwambia Hidaya mara nyingi, mimi nikifa nife nzima, nisibaki vipande vipande mifukoni mwa watu. Hajawahi kubishana. Ananiangalia tu, anaweka kamera chini. Sasa naliona lango, ni kioo kirefu kuliko vyote, na mbele yake kuna foleni. Yuko Yusto, kijana mrefu anayesoma na Hidaya, aliyekuja kwangu mwezi wa mfungo akafuturu kuliko waliofunga. Anaulizwa unapiga nini. Anasema viatu vilivyovuliwa, nje ya msikiti, nje ya msiba, nje ya nyumba yenye mgonjwa. Kwa nini? Anainua mabega, anasema naviona vinasubiri, nami nasubiri navyo. Kioo kinafunguka kama maji, anapita. Anafuata Leokadia, yule wa Kasulu mwenye maneno mengi, anasema yeye ni kamba za nguo, siku ya jua, nyumba nzima inajulikana kwa kamba yake, na kabla ya kupita anageuka nyuma, anasema Hidaya we, utakesha hapo, bado unaparura tu kama kuku? Ndipo namwona.

Ni mwanangu na hana nyusi. Masikio yamekwisha, pamebaki laini. Kamera iko shingoni, ananiona na wala hashangai kuniona, anasema mama, nimejibu watoto wanaocheka, lango halikukubali, nimejibu mikono ya wazee, halikukubali. Naiona pua yake bado ipo, na macho, na mdomo. Watu nyuma yake wanasukuma. Kiongozi anauliza tena, sauti ile ile, haina hasira wala huruma, unapiga nini, Hidaya binti Kashindi? Naye anageuza kamera huku na huku. Mimi siwezi kusimama nikatazama. Namkimbilia, namnong'oneza pale palipokuwa sikio, sema maua, mwanangu, maua hayana ubaya na mtu, ni uumbaji wa Mungu, nani atakataa maua? Hidaya anasema maua. Na pua inaondoka. Inaondoka bila damu, bila sauti, kama alama ya kidole kwenye unga mtu anapoupapasa. Nashika mdomo wangu mwenyewe. Hidaya ananitazama kwa yale macho mawili yaliyobaki, mdomo umeanza kufifia pembeni, na ananiambia taratibu, mama, nakuomba usinisaidie tena. Nimezaa, nimenyonyesha, nimesomesha kwa kuuza vitumbua, sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo, na najua kuwa ni la haki. Kiongozi anamwinamia. Anasema, nimezaliwa nacho, jirani anakijua, mama alikisugua, mimi sijakiona. Hidaya anatikisa kichwa. Hata mimi silijui jibu lake. Kivuli cha lango kinazidi kurefuka, vijana wengine wanalia bila sauti, na kutoka mji wa chini, au wa juu, sijui, muadhini anaanza.

Alasiri imeingia. Nasema labda nimwache mtoto kidogo nimwombee kwa anayeweza. Maji ya udhu hakuna, natayamamu kwa udongo wa ukingoni mwa njia, natandika kanga, nataka kuelekea kibla, na kibla hakipo. Nikigeuka huku najiona mimi, nikigeuka kule najiona mimi, kila upande kuna mwanamke mjane amesimama kuswali mbele ya uso wangu, nami siwezi kumsujudia mwanamke. Nafanya nifanyavyo nyumbani. Nyumbani ipo picha ya marehemu mume wangu ukutani, na kila wakati wa swala ukifika naigeuza, uso wake unatazama ukuta, nikimaliza naigeuza tena, tangu Hidaya hajaanza kutembea ndivyo inavyokuwa. Basi nashika kioo cha kwanza kwa pembe zake, kizito, nakigeuza. Nakwenda cha pili. Watu wanapiga kelele kwamba mji utaanguka, kiongozi ananyoosha mkono, sijali, nageuza, nageuza, na kila kioo ninachogeuza mji mmoja unazimika, hadi zimebaki mbao tupu kutuzunguka. Migongo ya vioo. Misumari iliyopinda, utando wa buibui, kamba ya kuning'inizia imefungwa fundo, alama ya penseli ya fundi aliyepima akakosea akapima tena, doa la unyevu lenye umbo la wingu. Na kimya. Nyuma yangu nasikia Hidaya anavuta pumzi, ile ya mtu aliyeingia kwao. Anasema, si kwangu, kwa nafsi yake, mbona hivi nimevijua siku zote. Mimi nimeshakijua kibla, uso wangu umetulia upande mmoja, nanyanyua mikono, nasema Allahu akbar.

Niko ndani ya swala, siwezi kugeuka, lakini masikio hayana kifuniko. Namsikia anatembea nyuma yangu miguu mitupu. Namsikia anachuchumaa. Kamera inalia mara moja tu, wakati nimerukuu na mgongo umelala. Kisha sauti ya kiongozi, unapiga nini, Hidaya binti Kashindi? Na sauti ya mwanangu, imekuwa nyembamba, mdomo lazima umebaki kidogo sana. Napiga migongo. Ya vitu na ya watu. Nimekulia kwenye chumba ambacho baba yangu, kwenye picha yake ukutani, alikuwa ananigeuzia mgongo mara tano kwa siku, na mama yangu vile vile, na sikuwahi kuhisi nimeachwa. Nilikuwa naona kuwa kuna anayetazamwa kule mbele. Hapo hakuna aliyenong'ona kitu. Namsikia kiongozi anapumua, sijui kwa pua gani. Anasema jibu ni lako. Lakini mgongo ni wa mtu. Mwenyewe ameridhia? Hidaya ananiita, mama. Niko kwenye sijda, paji la uso liko chini, nasoma. Ananiita tena. Kiongozi anasema, hajibu. Hidaya anasema amenyamaza, kunyamaza si ndiyo? Na yule asiye na uso, kwa mara ya kwanza bila fumbo, anasema, mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa yake. Huyu ni mjane. Mjane hutamka.

Ni kweli, hata mimi nilifundishwa hivyo madrasani nikiwa mdogo, katika habari za ndoa, na najua pia kuwa mtu akizama unaruhusiwa kukata swala umwokoe. Je, kupotelewa na uso ni kuzama? Nanyanyuka rakaa nyingine, ulimi unasoma, moyo unabisha hodi kila mahali. Naufikiria mgongo wangu ukining'inia kwenye ukuta wa chuo, watu wanapita na soda mikononi, wanauliza ni nani huyu mama. Nafikiria simu zao. Nafikiria pua ya mwanangu, niliyokuwa naikamua mafua kwa kidole. Nyuma yangu sauti yake imekuwa ya kuguna tu, m, m, kama mtu aliyezibwa kitambaa, na lango la kioo linasaga chini, linajifunga. Nasoma tahiyatu kwa haraka ambayo namwomba Mungu anisamehe. Natoa salamu kulia, naona mbao na misumari na mguu wa Hidaya. Natoa salamu kushoto, na naona kabati langu, ndoo ya maji, pazia la maua la chumba changu.

Muadhini wa msikiti wetu ndiyo kwanza anaanza alasiri. Nimekaa juu ya mswala, tasbihi imeanguka mapajani, vidole vyangu vina vumbi la udongo na sijui kama ile swala nimeiswali au bado inanidai. Mlangoni amesimama mtu. Jua la uwanjani liko nyuma yake, lote, ameshika kamera kifuani, begi begani, viatu ameshavaa, na usoni pake, kwa mwanga ule, sioni kitu. Anasema, mama, nimekupiga kwa nyuma ulipokuwa umeinama. Nimekuita hukuitika. Ndiyo hii, mama, sina nyingine na sitaki nyingine. Niipeleke au niifute? Sauti ni ya Hidaya. Inatoka kifuani au mdomoni, siwezi kusema. Namwambia sogea nikuone. Anasema nimevaa viatu, mama, na gari linaondoka. Hasogei. Nakaza macho hadi yanatoa machozi, natafuta nyusi, natafuta pua, naona mwanga tu na kivuli katikati yake. Nikimkatalia mwanangu, namkatia njia. Nikimruhusu asiye mwanangu, nimempa mgongo wangu mtu wa njia ile, naye atatembea nao milele.

Muadhini amefika hayya alal falah. Nanyoosha shingo, naitoa sauti ili isikike hadi barazani kwa Mama Ashiru, nasema, ipeleke. Nimeridhia kwa ulimi wangu, mimi mwenyewe, ipeleke na uwaambie ni mama yako.

Yule aliye mlangoni anashusha kamera. Ananyanyua mkono, anajipapasa usoni taratibu, juu mpaka chini, kama anayehesabu vilivyomo. Halafu anaweka sawa mkanda wa begi, ananigeuzia mgongo, na anatoka.