Chini ya Verni

Mwalimu wa piano wa mujukuu wangu Ornella alisema wazi: kama mutoto hana piano nyumbani, nafasi yake itapewa mwingine. Ornella anajizoeza kwenye meza yetu ya kulia. Marehemu bwana yangu Barthélemy alimuchorea pale touche, vile vibao vya kubonyeza, kwa rangi, nyeupe na nyeusi. Mutoto anapiga, hakuna sauti. Basi tukashuka Ibanda, kwa Papa Placide, muuza vyombo vya muziki.

Alikuwa na piano mbili, zile za kusimama ukutani. Moja ya mupya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ingine ya zamani, ameitengeneza yeye mwenyewe, akaipaka verni ya kung'arisha mbao.

"Iko sawa na ya mupya, maman."

Ile ya zamani alikuwa ameipulizia parfum, inanukia kama bibi harusi. Piano, parfum!

Ornella akakaa kwanza kwenye ile ya mupya. Sauti zote zilitoka, nyembamba, kama kijiko kwenye sahani ya plastiki. Mimi hata matela ya kulalia naigeuza kwanza mbele ya kununua, pale sokoni Kadutu. Nikapitisha mukono nyuma. Ubao ulikuwa umevimba na maji ya mvua, laini kama beignet, andazi iliyolowa chai. Ukabaki kwenye kucha zangu, na gundi yake inanuka samaki mubovu.

"Ni humidité, unyevu kidogo tu, maman."

"Bado haijauzwa, inaoza tayari?"

Kwenye ile ya zamani, mutoto alifumba macho. Sauti ilijaa nyumba. Halafu kidole kikafika kwenye touche moja ya katikati, ikagoma. Kimya, kama meza yetu.

"Koko," Ornella akaniita mimi bibi yake, "wimbo wote unapita hapa."

"Papa Placide, fungua."

"Haina haja. Itajifungua yenyewe akicheza."

"Fungua!"

Akatoa kifuniko, akarudi nyuma, leso puani. Ee Mungu! Kiota cha panya. Nywele, vitambaa vilivyotafunwa, mavi makavu kama ulezi, na panya mwenyewe, amekauka, mudomo wazi. Matone ya verni mupya yalikuwa yameganda kwenye manyoya yake.

"Ulimuona," nikasema. "Ulimuona, ukamupaka verni!"

"Mimi niko technicien, maman. Haiko kazi yangu kuzika panya."

Nikakunja mikono ya libaya, blauzi yangu. Nikamunyang'anya leso, nikashika panya kwa mukia, nikamulaza ndani ya ile leso. Nikatoa kiota kipande kwa kipande. Ornella hakuangalia panya. Aliangalia touche.

"Jaribu."

Ikashuka, ikapanda. Ikaimba.

"Tunachukua hii."

Placide akacheka meno yote. "Vizuri! Kesho naipaka verni ingine—"

"Usiiguse tena na mikono yako ile."

Nyumbani nilinawa na sabuni, na majivu, na ndimu. Siku ile bugali nilikula na uma.