Mshiko Mfukoni

Kaka yangu ni fundi hodari wa baiskeli, ila huruma yake huitangulia akili. Goti la mama lilipoanza kumsumbua, alimfungia kwenye baiskeli yake ya umeme mshiko wa kuzungusha, kama wa pikipiki. Mama akaachana na pedali. Akawa anapanda kilima kwenda kwenye cherehani yake miguu imetulia, anapungia watu mkono kama mgombea.

Kisha ikaja sheria. Baiskeli ya umeme inayotaka kukanyagwa ni baiskeli. Inayokwenda yenyewe ni pikipiki, lazima iwe na namba, na mwendeshaji awe na leseni. Leseni mama angeipata wapi, na lile jicho lake lenye ukungu?

Asubuhi ya ukaguzi wa baiskeli za umeme kaka aliung'oa ule mshiko akautia mfukoni. Mama hakuambiwa.

"Mama huyu mdomo wake hauna mlango," kaka aliniambia, nami nikacheka. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Aliizunguka baiskeli, akashika waya uliobaki unaning'inia.

"Hapa palifungwa nini?"

"Hakuna kitu, mkuu. Tuliinunua hivyo hivyo."

Mama akamgeukia kaka. "Hakuna kitu? Si ulinifungia wewe mwenyewe, baba, mpaka nikakuombea dua?"

Kaka akainamisha kichwa. Mkaguzi akakuna shavu.

"Mama, kama palifungwa kitu cha kuiendesha yenyewe, naiandika pikipiki. Hebu kumbuka vizuri. Pengine umechanganya."

Alikuwa anamfungulia njia, hata mimi niliiona. Nilimkonyeza mama, akanikazia macho.

"Sijachanganya. Mwanangu alinihurumia, leo nimkane mbele za watu? Andika pikipiki."

Ikaandikwa. Ikafungwa mnyororo palepale, mpaka aje mwenye leseni.

Tulirudi kwa miguu. Kilimani goti likagoma, mama akamwegemea kaka, akahisi kitu kigumu kinamgonga ubavuni. Akaingiza mkono mfukoni mwa kaka, akautoa mshiko, akautazama weee. Alielewa yote bila kuelezwa. Kaka, na ukubwa wake ule, alilia katikati ya njia.

"Sasa mbona hukuniambia, baba?" mama akasema. "Kwa ajili yako ningenyamaza."