Mfalme wa Chumba cha Ngozi

Kaka yangu alikata nyama maisha yake yote, na Jumapili, bucha ikifungwa, alikata watu.

Nyumba ilikuwa nyuma ya bucha. Ukitoka jikoni unakanyaga vigae vilivyopasuka, unainama chini ya kamba ya kuanikia nguo, tayari uko kwenye mlango wa nyuma wa duka. Kwa hiyo hata shuka zetu zilizofuliwa zilinuka mafuta ya ng'ombe. Nilihamia pale wifi yangu alipofariki, nimsaidie kaka kulea watoto wake: wavulana wawili, na binti katikati yao. Wakakua. Wavulana wakaoa, wakapanga nyumba mtaa wa pili. Binti akaolewa na fundi rangi, mtu mpole wa maneno machache. Lakini Jumapili wote walirudi kula mezani kwa baba yao. Si kwamba waliombwa.

Vyombo vikishatolewa, kaka alifuta meza mwenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kitambaa kilekile cha bluu, halafu anafungua Maandiko. Sehemu aliyoipenda ilikuwa moja tu: maono ya yule nabii wa uhamishoni aliyewaona wafalme katika sura za wanyama. Simba mwenye mabawa, dubu, chui wa vichwa vinne, kondoo dume wa pembe mbili, beberu wa pembe moja. Manabii wengine walimchosha. Habari za upendo alizivuka kama mtu anayekwepa dimbwi asichafue viatu.

"Mchungaji anawajua wanyama kwenye karatasi," alikuwa akisema. "Mimi nawajua mpaka ndani."

Tafsiri yake ilikuwa rahisi. Kila mnyama ni mfalme, na kila mfalme ni mtu aliyekaa pale mezani. Mwanawe mkubwa alikuwa kondoo dume.

"Pembe mbili," kaka alisema, "moja ya kazi, moja ya uvivu. Na iliyo ndefu zaidi wote mnaijua."

Mdogo akawa beberu, yule aliyevuka nchi nzima bila kugusa ardhi.

"Huyu naye hajagusa ardhi tangu azaliwe. Anabebwa tu!"

Tulicheka. Ilikuwa lazima ucheke, maana asiyecheka ndiye aliyefuata. Mimi nilipouliza mnyama wangu ni yupi, alinitazama juu ya miwani akasema, "Wewe dada? Wewe ni majani wanayokanyaga." Nikacheka na hilo pia.

Kisha yalikuja maswali. Alikuwa na kile chuma cha kunolea visu, kirefu, cha mviringo, na alikiweka kando ya kitabu. Anauliza, anazungusha macho, anamnyooshea mmoja. Siku moja, wakati watoto wale wangali wanasoma, aliuliza juu ya mfalme aliyejisifu juu ya paa la jumba lake, akafukuzwa kwa watu, akala majani kama ng'ombe mpaka nyakati saba zilipompitia.

"Wakati mmoja ni kiasi gani?"

"Wiki, baba," alisema yule mdogo.

Chuma kilitua kwenye vifundo vya vidole. Nilisikia mlio wake nikiwa jikoni.

"Mwaka! Wakati ni mwaka! Semeni wote!"

"Mwaka," walisema.

Kifundo kimoja hakikurudi sawa, kilibaki kimevimba kama mbegu. Na swali lile halikuisha. Aliliuliza mpaka wakiwa watu wazima, wana ndevu, wana watoto wao migongoni, nao waliitikia kwa sauti moja kama darasa la kwanza.

Sasa nije kwenye Jumapili ya dubu.

Binti alikuja na mumewe. Alikuwa ametoka kupoteza mimba ya tatu, na hakutakiwa hata kupanda gari, lakini alikuja. Alikaa kiti cha karibu na dirisha akiegemea upande mmoja, kwa kuwa kukaa sawasawa kulimuuma. Kaka alifuta meza. Akasoma habari za dubu, aliyejiinua upande mmoja, na katika meno yake mbavu tatu. Akavua miwani.

"Dubu kajiinua upande," alisema. "Na mdomoni ana mbavu tatu. Humu ndani nani ana mbavu tatu?"

Fundi rangi alikuwa akikwangua rangi nyeupe kwenye ukucha wake.

"Mbavu za nani, baba?" Yule mdogo aliuliza huku akitabasamu, maana alidhani ni utani kama ule wa siku zote.

"Za wajukuu wangu. Kawala wote watatu."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji, na mpaka leo sijui nililiwekaje chini bila kulimwaga. Binti hakulia. Alimtazama baba yake kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Baba, huyo dubu aliambiwaje baadaye?"

"Aliambiwa ainuke ale nyama tele."

"Sawa," alisema.

Maneno yale yalimtangulia nyumbani. Fundi rangi, mpole kama alivyokuwa, alianza kuyatumia wakigombana, kisha akayatumia hata wasipogombana, na mwisho akamrudisha kwetu na begi lake moja, akisema hawezi kulala na dubu. Kaka alimpokea mlangoni. "Karibu," alimwambia. "Aproni ya pili iko kwenye msumari." Binti akaivaa, akachukua kisu. Wateja nao hawakukawia kulijua lile jina. "Dubu, nipimie nyama ya supu." Alipima.

Kaka alianguka akiwa kazini, mbele ya gogo la kukatia nyama, paja la ng'ombe likiwa kwenye ndoano limekatwa nusu. Hospitali walimrudisha akiwa hai upande mmoja tu. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia, na shingo haikuwa na nguvu, kidevu kimelala kifuani, macho yanaona magoti yake basi. Maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: kata. Akitaka maji, kata. Akiumwa, kata. Redio ikipiga kelele, kata.

Jumapili iliyofuata watoto walikusanyika. Tulikula, na kaka tulimwegemeza kwa mito kwenye kochi. Binti aliinuka, akachukua kitambaa cha bluu, akafuta meza kutoka kushoto kwenda kulia, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Akasoma habari za mfalme aliyekula majani. Alipomaliza aliweka kidole chini ya mstari.

"Mfalme huyu ni nani?"

Ndugu zake walitazamana. Waliielewa ile sauti, walikuwa wameisikia tangu utotoni.

"Baba," alisema mkubwa.

"Na mfalme anakaa wapi?"

"Nje. Pamoja na wanyama."

"Acheni mchezo," nilisema. "Baba yenu ni mgonjwa. Daktari kasema ageuzwe, alishwe vizuri, azungumzishwe."

"Shangazi, daktari anajua mwili," alisema binti kwa upole. "Sisi tumesomeshwa maono tangu hatujaota meno."

Wavulana walikuwa wamekwisha kusimama. Sisemi walikuwa na chuki naye kama dada yao. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu ya nani atamwogesha baba, nani ataamka kumgeuza, na hapa lilikuja jibu lililoandikwa. Walimbeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni, wakapita chini ya kamba ya nguo.

"Wewe ndiye majani, shangazi," binti aliniambia wakiwa wamefika uani. "Kwa hiyo utamlisha wewe."

Chumba cha ngozi kilikuwa kando ya bucha. Humo ndimo kaka alimokuwa akipaka ngozi chumvi kabla hazijachukuliwa, na kuta zilikuwa na mistari myeupe ya chumvi mpaka kiunoni. Sakafu iliteremka kuelekea mfereji. Waliweka mbao juu ya matofali, godoro juu yake, na kaka juu ya godoro. Chakula kilikuwa mboga za majani zilizochemshwa, bila mafuta, kwa sababu mfalme yule hakupewa kingine. Nywele zisinyolewe, kucha zisikatwe, kwa sababu za mfalme yule zilikua kama za ndege. Nilipomkata kucha kwa siri, binti alizitazama jioni ile ile.

"Nani kakupa ruhusa ya kumpunguza mfalme?"

"Zilikuwa zinamchoma kiganjani, mwanangu."

"Zimchome. Imeandikwa."

Hakumpiga hata siku moja, wala hakumpandishia sauti. Kila jioni, bucha ikishafungwa, aliosha mikono, akabeba kigoda na sahani, akaingia. "Shikamoo, mfalme," alimwambia. Kisha anakaa usawa wa yale magoti, mahali ambapo macho ya baba yake yangeweza kuona, anakula mbavu za kuchoma. Alikula taratibu, anavunja gegedu, ananyonya. Mifupa aliipanga kwenye kizingiti cha dirisha: mmoja, wa pili, wa tatu. Kaka alisema kata. Mate yalimtoka upande ule uliokufa, nami nikayafuta.

Mimi niliishia shule ya msingi, nasoma kwa kufuata kidole. Lakini nilisoma. Nikakuta mwisho wa habari ile: yule mfalme aliinua macho yake mbinguni, akili zikamrudia, na kiti chake akarudishiwa. Nilikwenda na kitabu mpaka kwenye gogo, binti akiwa anapasua mfupa.

"Akiinua macho, mtamrudisha chumbani kwake?"

Alisimamisha msumeno. "Kwani Maandiko yanasemaje, shangazi?"

"Yanasema alirudishiwa."

"Basi mimi ni nani nibishane na Maandiko?"

Nikaona nimepata. Nilirudi nikikimbia, mtu mzima mimi.

Nilimfundisha kama unavyomfundisha mtoto kukaa. Nilikunja taulo nikaliweka nyuma ya shingo, kisha nikaweka kiganja chini ya kidevu chake. "Juu, kaka." Paa la bati lilikuwa na tundu la msumari, na asubuhi mwanga uliingia pale kama uzi. Nilimwambia autafute. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikawa ya bluu, kichwa kikaanguka. "Kata," alisema. "Ndiyo, kata. Haya tena, juu." Alijifunza kwamba kiganja changu chini ya kidevu maana yake ni kuinuka, na baadaye nikigusa tu, anaanza kusukuma mwenyewe. Mvua zilikuja zikapiga lile bati, zikaisha. Siku aliyoliona tundu kwa mara ya kwanza alitoa sauti ambayo haikuwa neno, na mimi nikambusu kwenye nywele zile chafu.

Jumapili niliyoichagua, nilimwosha, nikamvalisha shati. Watoto walitoka mezani wakasimama mlangoni, wavulana wakiwa na vijiti vya meno midomoni.

"Juu, kaka," nilisema, sikumgusa.

Kidevu kiliachana na kifua. Kilipanda polepole, kinatetemeka, kikasimama, kikapanda tena. Kisha macho. Yalipita magoti, yakapita sisi sote, yakafika kwenye tundu la bati, yakatulia hapo. Jicho zima likatoa chozi.

"Haki ya nani," alisema mkubwa. "Kainua."

Mdogo alianza kukunja mikono ya shati ili ambebe. Nami nilikuwa nimeshatandika kitanda chake kule ndani, shuka safi, mto umepigwapigwa.

Binti alipiga makofi, kidogo tu, kwa ncha za vidole.

"Hongera, baba. Lakini tuulizane kwanza, kama ulivyotuzoeza. Mfalme aliinua macho lini? Kabla nyakati hazijapita, au baada?"

Mkubwa alitoa kijiti mdomoni. "Baada."

"Nyakati ngapi?"

"Saba."

"Na wakati mmoja," alisema, akimgeukia mdogo wake, "ni kiasi gani?"

Nilikuwa nimeona macho tu. Sikuwaza kwamba kabla ya macho kuna nyakati. Lakini bado palikuwa na mlango, na mwenye ufunguo alikuwa yule mdogo. Aliwahi kusema wiki. Zingekuwa wiki, zingekuwa zimekwisha zamani. Nilimtazama nikimsemesha kwa macho: sema wiki, mwanangu, sema tu. Alikuwa akisugua kile kifundo chake kilichovimba kwa kidole gumba. Alimtazama baba yake, yule mzee shingo inamtetemeka, macho hajayashusha.

"Mwaka," alisema.

"Semeni wote."

"Mwaka," walisema, wote wawili pamoja, na sauti zao zilikuwa zile za zamani.

"Kata," alisema kaka.

"Si mimi, baba," binti alimjibu. "Tafsiri ni yako."

Wakarudi mezani. Nilisikia viti vikivutwa, na mdogo akisema kitu, na mkubwa akicheka.

Tangu siku ile kaka hakuacha kuinua. Akisikia hatua uani, anainua. Mlango ukilia, anainua, macho yanatafuta lile tundu hata kama nje kumeshaingia giza na hakuna mwanga wa kutafuta. Binti anaingia na kigoda chake na sahani, anamtazama. "Bado, baba," anamwambia, anakaa, anakula. Juzi alisimama mlangoni akiwa anatoka, akanigeukia.

"Mwambie apumzike, shangazi. Atajivunja shingo."

Nami nataka apumzike. Ngozi ya koo imeanza kuchubuka, na jioni anapumua kama aliyepanda mlima. Kwa hiyo naweka kiganja changu chini ya kidevu chake, nimsaidie kukishusha taratibu. Na yeye, akikihisi kile kiganja, anasukuma juu.