Kola ya Koti la Baba

Mdogo wangu hakufundishwa cherehani na mtu. Mafundi wa mtaani aliowaendea walimfukuza wote, kila mmoja akiogopa kutiwa mchanga kwenye kitumbua chake. Akajifunza kwenye simu, kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya pole aliyewaita watazamaji wake "wanangu". Nyumbani tulimbatiza Mama Video, tukawacheka wote wawili. Lakini mwaka haukuisha, binti akawa anashona magauni, hata suruali za wanaume, na hakuna nguo iliyorudishwa.

Ndiyo maana asiniambie mtu kwamba mdogo wangu alikuwa mjinga.

Alikuwa na kisukari tangu utotoni, akijidunga insulini kila siku. Daktari wa zahanati alimwandikia dawa bila kuinua macho. Akiuliza jambo, anajibiwa afuate maelezo. Mama Video alimjibu kila swali. Siku alipoanza kusifia maji ya mizizi yanayomaliza sukari, mdogo wangu alikuwa kashamwamini zamani.

"Dada, sindano naacha," aliniambia, mkononi ana kola ya koti alilokuwa anamshonea baba.

"Umerogwa? Yule fundi nguo, si daktari."

"Uzi ulipokuwa unakatika aliniambia nilegeze, nikalegeza, ukaacha. Zipu akasema nipige pasi kwanza, ikakaa. Hajanidanganya hata siku moja. Nyie ndio mlisema siwezi kitu."

Nilifoka, nikamwaga mizizi yake chooni. Akanunua mingine. Alipoanza kutapika alitwambia ni uchafu unatoka, Mama Video kasema. Tulipombeba hospitali alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Tulirudi bila yeye.

Baada ya mazishi baba alilitaka koti lake, hata likiwa bovu. Nikakaa kwenye cherehani mimi, ninayejua kupinda upindo tu. Kola ikanishinda, nikafumua, ikanishinda tena. Mwishowe nikachukua simu ya marehemu, nikamtafuta yule mama kwenye video yake ya kola.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Punguza kitambaa kwenye pembe, kisha geuza. Usivute."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikapunguza, nikageuza, sikuvuta.

Kola ikalala vizuri, pembe zote mbili sawa. Nikainamia cherehani nikalia kwa uchungu, maana kwa dakika ile hata mimi nilimwamini.