Jua Lililogoma Kuzama

Masharubu yangu wakati ule yalikuwa yakitangulia kuingia mkahawani, mimi nikifuata baadaye. Kasablanka nzima hakukuwa na wa kuyafikia ila mkwe mwenzangu Si Bouchta ("Si" kwetu ni "Bwana"), ambaye mwanawe kamwoa binti yangu Ghita. Basi Ghita alipojifungua huko Montreal, tukafunga safari: sisi wazee wawili na mke wangu Lalla Tamo, katikati ya Ramadhani.

"Msafiri karuhusiwa kula," akasema Lalla Tamo.

"Mimi nafunga!" nikajigamba. "Labda ale Si Bouchta, maskini, tumbo lake halina subira."

"Nani, mimi?" Akasokota masharubu yake. "Atakayefuturu kabla jua halijazama, anyoe haya!"

Tukapeana mikono. Hesabu nilishaipiga kimyakimya: tunaruka saa tisa alasiri, kilomita kama elfu tano na mia sita, saa saba na nusu angani. Magharibi ya kwetu ni saa kumi na mbili na nusu. Nitafuturu juu ya bahari, tende zangu mfukoni, raha mustarehe!

Kumbe jua nalo lilikuwa linaelekea hukohuko! Saa ya mkononi ikafika kumi na mbili na nusu, jua liko dirishani, limekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga.

"Kasablanka wanafuturu kwa supu ya harira sasa hivi," nikanong'ona.

"Shuka basi ukawafuate," akanijibu Si Bouchta, midomo imemkauka.

Lalla Tamo akafunua sahani ya kuku aliyoletewa na mhudumu. "Paja hili laini jamani! Si Maati, nikuonjeshe?"

"Tamo, mwogope Mungu!"

Saa zikapita, jua palepale. Nikamwita mhudumu. "Binti yangu, kamwambie rubani apunguze mwendo, jua litupite!"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Si Bouchta peke yake hakucheka. "Mwambie na mimi naunga mkono," akasema.

Hatimaye tukaanza kushuka Montreal, tukazama kwenye wingu zito. Giza totoro! Taa zikawashwa. Nikasikia moyo unaruka kama mtoto siku ya Idi.

"Limezama!" nikapiga kelele.

"Limezama, alhamdulillahi!" akaitika Si Bouchta.

Bismillahi, tende mbili mdomoni kwa mpigo, na mbili mdomoni mwa Si Bouchta. Sijatema hata kokwa (naam, baadaye zote mbili nilizimeza), ndege ikatoka chini ya wingu, ikageuka, na jua hilo hapo, jekundu, linatumulika usoni wote wawili, mashavu yamevimba tende!

Tukatazamana. Lalla Tamo alicheka mpaka rubani, naapa, akatoa kichwa kuuliza kuna nini.

Ahadi ni ahadi. Tukaingia msalani pale uwanjani na wembe mmoja. Tulipotoka mlangoni, Ghita, mtoto mgongoni, alikuwa akiangaza macho huku na huku. Akatupita. Akarudi, akatupita tena.

"Mama!" akamkumbatia Lalla Tamo. "Baba yuko wapi? Na hawa mabibi wawili ni nani?"