Tikiti la Bwana Segawa

Kiyono aliliangalia furushi miguuni pake. Lilikuwa furushi lake mwenyewe, biskuti za mchele alizompelekea Bwana Segawa wiki iliyopita. Mtu wa posta alikuwa amelirudisha.

"Bibi, hapo ulipoandika hakuna kampuni," alisema. "Ni uwanja wa kuegesha magari."

Loo, watu wana roho za fisi. Huyo Segawa alianza kwa simu, sauti laini, kila neno "bibi yangu". Eti kuna kampuni ya betri, mwezi wa kumi itaingia soko la hisa, na atakayenunua sasa atavuna mara tatu. Kisha akamletea tikiti la zawadi ya kiangazi, lile la kulazwa kwenye sanduku la mbao. Kiyono akalila, akaramba na vidole. Sasa alitamani kulitapika.

Wala si kwamba alikuwa mjanja. Hakuuliza kama kampuni imesajiliwa, wala kwa nini hisa tamu hivyo zinatembezwa kwa simu kwa vikongwe. Kilichomwokoa ni adabu ya kwao tu. Aliyekupa zawadi humkalii kimya, unamrudishia ya nusu ya thamani, ndipo mzungumze mengine. Kwa hiyo yen zake milioni tatu, jasho la marehemu mumewe, zilikuwa bado kabatini zikingoja biskuti zifike.

Lakini Segawa alikuwa amemwomba pia jina la rafiki mmoja mwaminifu. Naye, kwa mdomo wake, akamtajia Toshie, jirani wa mlango wa tatu, mjane kama yeye.

Simu ikalia.

"Bibi yangu, mzigo wa pesa umeshaufunga? Mwisho ni leo."

"Biskuti zangu zimerudi."

"Biskuti gani tena, bibi?"

"Hizo hizo usizozijua. Mama yako anajua unavyokula jasho la wazee?"

Segawa akacheka kidogo. "Basi baki na umaskini wako. Mwenzako ana akili kuliko wewe."

Kiyono alikata simu, akatoka na ndara za ndani. Mlango wa Toshie ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti ukumbini, akifunga kitu kwa kitambaa cha zambarau.

"Shoga, kumbe umenitangulia," Toshie alisema. "Nilikuwa nakuja kwako."

"Toshie, zile pesa hujatuma?"

"Juzi. Zote. Nikaandika juu ya boksi 'vitabu', kama alivyonielekeza." Akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, akamsogezea lile furushi kwa mikono miwili. "Shukrani yangu ndogo. Bila wewe nisingemjua yule kijana."

Mikono ya Kiyono ilipokea yenyewe, kwa mazoea. Akakaa chini pale pale mlangoni, akijichukia, akaanza na habari ya biskuti zilizorudi.