Kata ya Mama Kornelia

Varun alitoka Rajkot, India, kuja kusoma muhula mmoja Moshi, na chuo kikampangia akae kwa Mama Kornelia, kule juu Old Moshi. Mwanzoni hakuwa na la kulalamikia. Kwa kuwa hali nyama, alipikiwa ndizi kwa maharage mpaka suruali zikambana. Shikamoo alizigawa hadi kwa watu wa rika lake, wakawa wanamcheka.

Jumapili moja baada ya misa, mama akaalika majirani waje kumwona mgeni wake. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa imeiva. Akachota kwa kata, akanywa funda moja mbele ya wote, kisha akampa Varun kata ileile kwa mikono miwili.

Mikono ya Varun ikagoma. Kwao alikatazwa tangu utotoni kunywa kilichokwisha kupita kinywani mwa mtu, hata awe mama yake mzazi. Akaomba kwa adabu zote amiminiwe nyingine, ambayo haijaonjwa, kwenye kikombe chake.

Mzee Melkior, jirani wa ng'ambo ya mfereji, akakohoa na kutazama pembeni.

Gladness, binti wa mama, akamvuta Varun kando na kumweleza harakaharaka. Huku mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Na miaka kadhaa nyuma mdogo wake Melkior alikunywa hapa, akaanguka njiani, akafa. Daktari alisema ni moyo, lakini wambea wakashikilia kuwa ni sumu. Tangu hapo majirani huja, husalimia, huketi, na ikifika zamu ya mbege wote ghafla wako kwenye dozi.

"Ukikataa," Gladness alisema, "wataondoka wakisema hata mgeni ameshajua."

Varun aliona aibu iliyomchoma kweli. Akarudi, akaomba radhi, akapokea kata. Akafumba macho akanywa. Pumba za ulezi zikamnasa kwenye meno, akanywa tena hadi ikabaki nusu. Asijue pa kuiweka, akampa aliyekuwa karibu naye, na huyo alikuwa Melkior.

Mzee aliishika muda mrefu bila kuipeleka mdomoni. Kisha akainuka, akaenda nayo hadi kwa mwenye nyumba.

"Mama Gladness," akasema, "nionjee na mimi."

Mama Kornelia akaonja, huku nyingine ikimmwagikia kifuani. Melkior akapokea, akanywa yote, akakaa.